Bildi si leveli

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye banda la gemu Ngamiani, Tanga, Barabara ya 14, nasubiri zamu. Pembeni yangu kijana mmoja anahangaika na Malenia, bosi mgumu wa kwenye gemu ya Elden Ring. Kila akifa anaiweka pedi mapajani, anashusha pumzi, anaanza upya. Mwisho akanigeukia: "Kaka, mimi sielewi. Bildi yangu iko 120 na bado ananimaliza kwa mapigo mawili." Nikamwuliza, bildi yenyewe ni ipi? Akanijibu: "Si ndiyo hiyo, 120."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno. Nimelisikia kwa watoto wa shule, nimelisikia kwa watu wazima wenye familia, na kwenye makundi ya WhatsApp watu wanaulizana "bildi yako ngapi?" kama wanaulizana umri. Naipenda aina hii ya gemu kwa dhati, na neno hili ndilo mlango wake, kwa hiyo naona ni vyema tulizungumze.

Maana yake haina mzunguko. Bildi ni namna ulivyomuunda mhusika wako: pointi umezipeleka wapi, silaha gani unashika, mavazi ya uzito gani, hirizi zipi, na vyote hivyo vinasaidiana kufanya kazi gani. Leveli ni hesabu ya pointi ulizokwisha kununua kwa ruuni zako, yaani fedha ya ndani ya gemu. Moja ni idadi, nyingine ni mpango.

Ukitaka kuona zilivyo mbali, nenda kwenye ncha mbili za gemu yenyewe. Elden Ring, iliyotoka mwaka 2022, ina sifa nane: uhai, akiba ya uchawi, pumzi, nguvu, wepesi wa mkono, akili, imani, na ile ya mambo ya siri. Kila moja inaishia 99. Leveli ya juu kabisa ni 713, na ukifika hapo sifa zote nane ni 99. Sasa chukua wachezaji wawili wa 713, mmoja alianza kama mchawi, mwingine kama askari. Namba zao ni zile zile, hazitofautiani hata moja. Kwa upande wa pointi, bildi imekufa, kwa sababu hakuna tena ulichokikosa. Halafu shuka hadi chini kabisa. Yuko yule mhusika anayeanza hana nguo, ana rungu tu mkononi, sifa zote nane 10, leveli 1. Wapo watu waliomaliza gemu nzima naye bila kununua pointi hata moja. Wanachagua silaha anayoweza kuishika, wanainoa kwa mawe hadi daraja la mwisho, +25, wanachagua hirizi, wanajua kila kitu kiko pale kwa sababu gani. Huyo wa leveli 1 ana bildi iliyokamilika. Wa 713, ukimwuliza pointi zake zinasema nini, hazisemi kitu.

Nadhani kosa linaanzia kwenye neno lenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Neno hili tumelitoa kwa Waingereza, na kwao limetokana na kitenzi cha zamani, byldan, kujenga nyumba, ambacho nacho kilitokana na bold, yaani nyumba au makazi. Hivyo tangu asili ni neno la nyumba. Liliingia kwenye michezo kwa kuchelewa. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, ulikuwa na sifa sita, na kila moja uliipata kwa kurusha dadu tatu. Dadu zikisema akili 6, una akili 6. Ulipewa mtu kama mtoto anavyopewa sura na wazazi wake, ukaenda naye hivyo hivyo. Baadaye ikaja michezo iliyokupa fungu la pointi na kukuachia ugawe mwenyewe, na hapo ndipo kukawa na kitu cha kuitwa bildi. Wachezaji wa Diablo II, ya mwaka 2000, walilizoea sana neno hili kwa sababu gemu ile iliwapa matawi ya ujuzi, na pointi ukishaiweka kwenye tawi moja huwezi kuiweka kwenye jingine. Ukiangalia historia hiyo utaona: bildi ilizaliwa siku mchezaji alipopewa uwezo wa kuchagua. Kukusanya kulikuwepo kabla yake.

Sasa sisi tukalipokea, na tulipojaribu kulitafsiri tukaenda moja kwa moja kwenye kujenga. Wengine wakazidi, wakaandika "kujenga tabia". Hilo naliomba tuliache kabisa. Kujenga tabia ni kazi ya mzazi na mwalimu wa madrasa. Tabia kwa asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya maumbile, kile mtu alichonacho ndani. Mtu unayemwendesha kwa pedi ni mhusika, na huwezi kumfundisha adabu.

Lakini hata "kujenga mhusika" hainitulizi, na sababu yake niliipata ufukweni Sahare, si kwenye kamusi. Babu yangu upande wa mama alikuwa fundi wa vyombo. Nikiwa mdogo nilimwuliza, "Babu, unajenga mashua ya nani?" Akaweka tezo chini, akaniambia nyumba ndiyo hujengwa, chombo huundwa. Nilidhani ananifundisha lugha tu. Kweli ni lugha, lakini angalia lugha hiyo inavyojua mambo. Nyumba ukiwa na matofali zaidi unaongeza chumba, ukipata fedha unaongeza baraza, na nyumba haikatai. Chombo kinakataa. Kila ubao una uzito wake majini. Babu hakuanza kwa kuuliza mteja ana mbao ngapi. Aliuliza chombo kinakwenda wapi na kitabeba nini, kwa sababu chombo cha kupeleka mzigo Pemba si chombo cha kukimbiza samaki sokoni alfajiri. Akishajua hilo ndipo anakwenda kutafuta miti iliyopinda yenyewe kwa ajili ya mataruma, zile mbavu za chombo, na mti mnyoofu mzuri anaupita, ingawa ni mzuri, kwa sababu hautakaa pale anapotaka.

Kule kuupita mti mzuri ndiko bildi.

Na kutokana na -unda tunayo tayari maneno tunayoyahitaji: muundo, kiunzi, uundaji. Mimi huandika bildi kwa sababu ndivyo tunavyosema bandani na sitaki kumlazimisha mtu neno. Ila kichwani, ukisema bildi, sikia muundo. Usisikie mjengo. Anayesikia mjengo ataongeza matofali tu, na huyo ndiye anayekuja kuniambia bildi yake ni 120.

Turudi kwa kijana wangu. Nilimwomba afungue ukurasa wa sifa, nikausoma. Uhai 24, akiba ya uchawi 20, pumzi 20, nguvu 30, wepesi 30, akili 28, imani 27, siri 20. Nilipoziona nilimwelewa mara moja. Kila alipopata leveli alijiuliza kipi kiko chini, akakipandisha, kama mama anayegawa wali asije mtoto akalalamika. Mkononi ana upanga mkubwa wa mikono miwili ambao hauongezewi chochote na akili wala imani. Pointi zake 28 na 27 zilikuwa zinakaa pale hazifanyi kazi yoyote. Mavazi yake ya chuma yalikuwa yamepita asilimia 70 ya uzito anaoweza kubeba, kidogo tu, na kwenye gemu hii ukipita 70 kubingirika kwako kwa kukwepa pigo kunakuwa kuzito, unatua kama gunia. Babu angesema chombo kimepakiwa kupita alama.

Bahati nzuri alianza na yule wa 10 kila mahali, na alikwisha kumshinda Rennala, bosi ambaye ukimshinda anakuruhusu kuzigawa pointi upya, ukimpa kitu kinachoitwa chozi. (Waliocheza Dark Souls ya mwaka 2011 watakumbuka hakukuwa na msamaha huo, ulichoweka kimewekwa.) Tukarudisha akili, imani na siri kwenye 10. Zikatoka pointi 45. Kumi na sita zikaenda kwenye uhai, ukawa 40. Ishirini na nne zikaenda kwenye nguvu, ikawa 54. Tano zilizobaki zikaenda kwenye pumzi, ambayo huongeza uzito unaoweza kubeba, na mavazi yake yakashuka chini ya asilimia 70.

Kwa nini 54? Kwa sababu ukishika silaha moja kwa mikono miwili, gemu inaihesabu nguvu yako mara moja na nusu. Kwa hiyo 54 inasomeka 81, na kuanzia 80 kila pointi ya nguvu inaongeza madhara kidogo sana, basi unasimama hapo. Kwa nini uhai 40? Uhai ukiwa 25 una damu 800, ukiwa 40 una 1450, ukiwa 60 una 1900, na ukiupeleka hadi mwisho, 99, una 2100 tu. Zile pointi 15 za mwanzo zinakupa 650. Zile 39 za mwisho zinakupa 200. Anayeangalia leveli peke yake haioni tofauti hiyo, maana kwake pointi ni pointi.

Leveli yake ilibaki 120. Haikupanda hata moja.

Akarudi kwa Malenia, na bado alikufa. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu lipo kosa la pili, dogo kuliko la kwanza: kuchanganya bildi na mbinu. Mbinu ni unachofanya wakati wa pambano: lini unabingirika, upande gani, lini unapiga, lini unanywa dawa. Malenia kila pigo lake likikupata anajirudishia uhai, na hakuna mgawanyo wa pointi utakaokufundisha kukwepa. Sekiro, gemu ya mwaka 2019 ya waundaji hao hao wa Elden Ring, haikupi sifa za kugawa namna hii wala lundo la panga za kuchagua, na ni ngumu kweli kweli. Pale bildi karibu haipo, mbinu ndiyo kila kitu. Kwenye Elden Ring unavihitaji vyote viwili, ila muundo mbovu unakufanya ushindwe kujua kama mbinu yako ni nzuri, kwa sababu unakufa kabla hujajifunza. Kijana alikufa, lakini mara hii alikula mapigo manne, akaiona hatua ya pili ya bosi ambayo alikuwa hajawahi kuifikia. Uso wake ulibadilika. Hakuishusha pedi tena, aliishika tu akaanza upya, na zamu yangu nikamwachia.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wote tunaokutana pale, ombi langu ni moja. Mtu akikuuliza bildi yako, mwambie silaha uliyoshika, sifa mbili au tatu zinazoibeba, na uzito unaotembea nao. Mwambie na ulichokiacha: "Sina uchawi kabisa," au "Imani yangu ni ile ya kuanzia." Kwa maneno hayo atakuelewa, na anaweza hata kukusaidia. Namba ya leveli unaweza kuitaja mwisho, na kama huikumbuki, hakuna kilichopungua.