Kufuli lenyewe hulindwa na nani?

Kwenye sehemu kubwa ya kerneli (kiini) ya Linux kanuni ni nyepesi: shika kufuli, yaani alama inayozuia prosesa mbili kugusa data moja kwa pamoja, gusa data, achia. Sisi tunaoandika msimbo wa makufuli yenyewe hatuna nafuu hiyo. Kigeu kinachosema kufuli limeshikwa husomwa na prosesa moja wakati uleule nyingine inakiandika, na hakuna cha kukikinga.

Tazama prosesa inayongoja zamu kwenye foleni ya MCS, aina ya kufuli ambamo kila anayesubiri huangalia kigeu chake mwenyewe, hapa locked, mpaka kibadilishwe na aliyemtangulia:

while (!node->locked)
    ;

Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haioni chochote ndani ya kitanzi hiki kinachobadilisha locked. Kwa sheria za C inaruhusiwa kuisoma mara moja, kuiweka kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa), kisha kuzunguka milele. (Ukiweka cpu_relax(), amri ya kuipumzisha prosesa inayongoja, utaokoka, kwa kuwa ndani yake mna kizuizi cha kompaila, lakini hiyo ni bahati tu.) READ_ONCE(node->locked) huilazimisha kusoma kumbukumbu kila mzunguko.

Ninachokihofia zaidi ni usomaji unaorudiwa kimyakimya. Umesoma owner, kigeu kinachoonyesha nani ameshika kufuli, ukakagua kwamba si NULL (yaani si tupu), kisha kompaila, kwa kubana rejista, ikakisoma upya pale unapokitumia. Katikati hapo mwenye kufuli ameshaachia. Ukaguzi wako ulikuwa sahihi na kerneli imeanguka vilevile. Hitilafu ya namna hii huja na kutoweka kila toleo la kompaila linapobadilika.

Hata hivyo READ_ONCE haipangi mfuatano kati ya prosesa. Anayekabidhi kufuli aandike kwa smp_store_release(), anayepokea asome kwa smp_load_acquire() au smp_cond_load_acquire() (inayosoma tena na tena mpaka sharti litimie), ili yote yaliyoandikwa kabla ya makabidhiano yaonekane baada yake. Ukisahau, prosesa za x86 mara nyingi itakustahi, kwa sababu haipindui mpangilio wa maandishi mawili wala wa masomo mawili. Prosesa za ARM64 hazina simile hiyo.

Tangu toleo 5.8 la mwaka 2020 tuna KCSAN, chombo cha ukaguzi kinachonasa migongano ya aina hii, yaani prosesa mbili kugusa kigeu kimoja bila kinga, kerneli ikiwa inaendeshwa. Ni chombo kizuri, ila kimezaa tabia ya kubandika READ_ONCE popote kinapolalamika. Mabadiliko ya hivyo nayarudisha mpaka mwandishi aeleze nani mwingine anagusa kigeu kile na kwa nini ni salama. Kama thamani inasomwa kwa ajili ya kuchapisha ujumbe wa uchunguzi tu, data_race(), alama inayoiambia KCSAN isilalamikie usomaji huo, yatosha, na upande wa kuandika ubaki bila alama ili KCSAN iendelee kutupigia kelele waandishi wawili wakikutana.