Je, wajua namna ya kuchagua kompaila ya bure unapoanza kujifunza programu?

Mwaka 1983 kampuni ya Borland ilipoanza kuuza Turbo Pascal kwa dola 49.95, wengi waliiona bei hiyo kuwa ndogo mno, kwa sababu kompaila nyingi za wakati huo ziliuzwa kwa mamia ya dola. Siku hizi anayeanza kujifunza lugha ya C au C++ anapata bila malipo kompaila zilezile zinazotumiwa kujengea mfumo wa Linux na kivinjari cha Chrome, kwa hiyo kinachompa shida si bei tena bali ni kujua achukue ipi.

Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya mwanaprogramu na kuyageuza kuwa maagizo ya mashine. Ni lazima itofautishwe na programu ya kuandikia, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Code::Blocks, kwa mfano, si kompaila. Ni mahali pa kuandikia panapoita kompaila iliyopo kwenye kompyuta. Kwa watumiaji wa Windows hutolewa faili zaidi ya moja za kupakua, na anayechukua ile isiyo na neno mingw katika jina lake hupata dirisha zuri la kuandikia lisiloweza kutafsiri hata mstari mmoja, mpaka atafute kompaila mwenyewe.

Kiswahili kinatusaidia kutenganisha jambo jingine, kwa kuwa kina neno bure na neno huru. Visual Studio Community ya Microsoft ni ya bure kwa mwanafunzi, lakini msimbo wa kompaila yake haukuachwa wazi, na kuisakinisha kunadai gigabaiti kadhaa. GCC, iliyotoka mwaka 1987 katika mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman, ni ya bure na pia ni huru: yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Ndivyo ilivyo pia kwa Clang, inayotokana na mradi wa LLVM ulioanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani.

Kati ya hizo mbili, kipimo ninachokiamini mimi ni kimoja: kompaila inamweleza vipi mwanafunzi makosa yake? Anayeanza hutumia saa nyingi zaidi kusoma ujumbe wa makosa kuliko kuona programu yake ikifanya kazi. Chukua mtu aliyekusudia kuuliza kama umri ni 18, akaandika if (umri = 18), yaani alama moja ya usawa badala ya mbili. Kwa sheria za C maandishi hayo ni halali, ila hayaulizi chochote. Yanaupa umri thamani ya 18, na sharti linakuwa kweli daima, hata kwa mtoto wa miaka mitatu. Clang hutoa onyo bila kuombwa. GCC hukaa kimya mpaka iongezewe -Wall katika amri, na hapo nayo huonya vizuri. Tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013, GCC pia huonyesha mstari wenye kosa pamoja na alama ndogo chini ya mahali penyewe. Kwa hiyo yoyote kati ya hizo inafaa, mradi mwanafunzi aandike -Wall na -Wextra (inayoongeza maonyo mengine) tangu siku ya kwanza, na asiyapuuze maonyo kwa kuwa tu programu imekubali kuendeshwa.

Tahadhari inahitajika kwa anayesomea vitabu au madokezo ya zamani. Turbo C++, kompaila ya zamani ya Borland, ilitangulia viwango vya C++ vya mwaka 1998, ndiyo maana mifano yake huanza kwa iostream.h, faili ambalo GCC ya leo hulikataa. Mwanafunzi hudhani kompaila yake ni mbovu, kumbe kilichochakaa ni somo. Aandike iostream bila .h, na cout aiite std::cout.

Kuzipata si kazi kubwa. Kwenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, inatosha kuandika sudo apt install build-essential. Kwenye Mac, xcode-select --install huleta Clang, na hata amri ya gcc katika mashine hiyo kwa kawaida huiita Clang hiyohiyo. Asiye na kompyuta kabisa anaweza kusakinisha Termux, programu ya kuandikia amri, katika simu ya Android, kisha aandike pkg install clang. Faili lake, tuseme salamu.c, alihifadhi ndani ya Termux yenyewe, kwa sababu Android hairuhusu programu kuendeshwa kutoka kwenye hifadhi ya pamoja ya simu. Kisha aandike clang -Wall -Wextra salamu.c -o salamu, na mwisho ./salamu.