Namba moja ya nani? Dhana potofu kuhusu chati za muziki za miaka ya sitini

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya sitini meli zake zilitia nanga Liverpool na Southampton mara nyingi kuliko alivyolala nyumbani kwake Mombasa, na kila aliporudi alibeba sahani ndogo za santuri, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Sanduku lake leo liko kwangu. Kwenye bahasha ya kila sahani ameandika tarakimu kwa penseli: 4, 11, 2, 1. Ni nafasi ambayo wimbo ulishika kwenye chati. Baadhi ya tarakimu zina herufi MM pembeni, na kwa miaka mingi niliamini kwamba huko Liverpool palikuwa na bibi mmoja ambaye mke wa mjomba hakupaswa kumjua.

Siku hizi wapenzi wa zilipendwa tumezirudia sana chati hizo. Mtu anachukua ishirini bora ya wiki fulani ya 1965, anazipiga kuanzia namba ishirini kushuka hadi moja, na ubishi unaanza. Mwingi ni ubishi mtamu. Lakini unarudi kwenye mambo yaleyale ambayo watu wameyameza bila kuyatafuna.

Dhana: Uingereza ilikuwa na chati moja, na namba moja ni namba moja

Hadi Februari 1969 Uingereza haikuwa na chati rasmi hata moja. Ilikuwa na magazeti yanayogombea wasomaji, kila moja na chati yake. Lililoanza ni New Musical Express, Novemba 1952: Percy Dickins, mfanyakazi wa gazeti hilo, alipigia simu maduka ya sahani yapatayo ishirini, akauliza kinachotoka ni nini, akajumlisha. Melody Maker likafuata 1956, baadaye Disc, na Machi 1960 Record Retailer, gazeti la wenye maduka, likaanza kuchapisha orodha ya nyimbo 50. BBC haikuhesabu chochote yenyewe. Ilichukua chati za magazeti, ikazichanganya, ikatafuta wastani.

Na wastani haukosi vituko. Agosti 1968 hesabu hiyo ya BBC ilitoa namba moja tatu kwa wiki moja: Bee Gees, Beach Boys na Herb Alpert, wote wamebanana kileleni kama abiria kwenye kiti kimoja cha matatu.

Sasa chukua Please Please Me ya Beatles, iliyotoka Januari 1963. Kwa Melody Maker ilikuwa namba moja. Kwa Disc, namba moja. Kwa New Musical Express, namba moja pia, ingawa ilifungana na Frank Ifield. Kwa Record Retailer peke yake iliishia namba 2. Ukifungua kitabu cha kumbukumbu leo utakuta hiyo 2, kwa sababu walipoandaa kitabu cha Guinness cha nyimbo zilizotamba Uingereza, kilichotoka 1977, waandishi walihitaji chati moja ya kufuata, wakachukua ya Record Retailer kwa kuwa orodha yake ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Urefu ndio uliowavutia. Kwa wingi wa maduka, Record Retailer lilikuwa nyuma: lilitegemea maduka kama 30 wakati wenzake walikuwa wameshavuka 100. Ndiyo maana albamu ya mwaka 2000 iliyokusanya namba moja 27 za Beatles haina wimbo huo. Waliokuwa vijana Liverpool 1963 walijua wimbo wao umeshika usukani; uliteremshwa miaka 14 baadaye, mezani, na watu waliokuwa wakitafuta orodha ndefu.

Mjomba aliandika 1 kwenye bahasha ya sahani hiyo, na pembeni MM. Aliandika vivyo hivyo kwenye ile ya 1967 yenye Penny Lane upande mmoja na Strawberry Fields Forever upande wa pili, ambayo vitabuni ni namba 2 nyuma ya Engelbert Humperdinck. Bibi wa Liverpool hakuwepo. MM ni Melody Maker. Mzee alikuwa anataja chanzo.

Dhana: chati ilihesabu sahani zilizouzwa

Jina la chati linasema hivyo, na sisi tukaamini. Lakini fikiria duka lenyewe la wakati ule. Jumamosi, wateja wamejaa hadi mlangoni, muuzaji anafunga sahani kwenye mfuko wa karatasi huku akirudisha chenji. Simu inalia: wiki hii kumi zako bora ni zipi? Anageuka, anatazama rafu, anataja zile anazokumbuka mkono wake umezigusa sana.

Marekani hali ilikuwa hiyohiyo, na zaidi. Hot 100, chati ya nyimbo mia ya jarida la Billboard, iliyoanza tarehe 4 Agosti 1958, haikuwa chati ya mauzo tu. Ilichanganya mauzo na nyimbo zilivyopigwa redioni. Na maduka hayakupeleka idadi. Yalipeleka mpangilio: ya kwanza hii, ya pili ile. Kama ya kwanza imeuzwa nakala mia na ya pili nakala tatu, karatasi haikuonyesha. Muuzaji aliyekwama na shehena isiyotoka alikuwa na kila sababu ya kuitaja juu, ili watu waisikie na kuja kuitafuta. Kuhesabu kweli, sahani kwa sahani kwa mashine ya kaunta, hakukuingia kwenye Hot 100 hadi mwishoni mwa 1991. Aliyewahi kusikiliza vipindi vya salamu vya redio zetu hahitaji kufafanuliwa zaidi: kadi mia si lazima ziwe watu mia.

Kwa hiyo usishangae ukikuta Louie Louie ya Kingsmen ni namba 2 kwa Billboard na namba moja kwa Cash Box, jarida lililokuwa mpinzani wake. Tena kila jiji lilikuwa na yake. Vituo vya redio kama WLS ya Chicago, KHJ ya Los Angeles na CHUM ya Toronto vilichapisha chati kwenye vikaratasi vilivyogawiwa bure kwenye maduka ya sahani. Watoto walivikusanya, na leo wakusanyaji wazima wanavinunua kwa fedha ambayo isingewaingia akilini utotoni.

Uingereza ilijaribu kusafisha mambo mwezi huo wa Februari 1969. BBC na Record Retailer waliajiri kampuni ya utafiti wa masoko, BMRB, na maduka 250 yakapewa madaftari ya kuandika kila sahani inayouzwa, kisha kuyatuma kwa posta. Ilikuwa hatua kubwa. Bado ilikuwa kalamu, daftari na stempu.

Dhana: miaka ya sitini ilikuwa ya magitaa na vijana waasi

Hii ndiyo inayoniuma kidogo, maana mimi mwenyewe ni mtu wa magitaa. Filamu za kumbukumbu zimetuzoesha: ukitaja 1967 unaona maua kwenye nywele na unasikia gitaa linalolia. Sawa. Lakini wimbo uliouzwa kuliko wote Uingereza mwaka huo ni Release Me, wa mapenzi ya polepole, ulioimbwa na Engelbert Humperdinck akiwa na suti na tai. Ulikaa namba moja wiki sita na haukutoka kwenye chati kwa wiki 56 mfululizo. Huyohuyo akarudi kabla mwaka haujaisha na The Last Waltz, akakaa kileleni wiki nyingine tano. Jimi Hendrix, ambaye picha yake ndiyo imebaki kuwa alama ya mwaka huo, hakupata namba moja Uingereza mpaka Novemba 1970, naye alikuwa ameshafariki mwezi Septemba.

1965 je? Aliyeuza zaidi ni mtu wa Liverpool, ndiyo, ila si yule unayemfikiria. Ni Ken Dodd, mchekeshaji, na wimbo wake Tears. Albamu iliyouzwa zaidi mwaka huo, na 1966, na tena 1968, ni muziki wa filamu ya The Sound of Music, uliokusanya wiki 70 juu ya chati ya albamu. Na 1969, mwaka wa tamasha la roki la Woodstock, Waingereza walikaa wiki nane na Sugar, Sugar ya Archies, bendi ya vikaragosi ambayo wanamuziki wake huwezi kuwapa mkono kwa sababu wamechorwa.

Sababu haijafichika. Sahani ilikuwa na bei, na mwenye mfuko wa kuinunua bila kujinyima mara nyingi alikuwa mama au baba mtu. Chati za wakati ule zina wazazi wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Ukipiga ishirini bora yoyote ya miaka hiyo kwa uaminifu, bila kuruka, utapita kwa waimba ballad na wapiga tarumbeta wa mahotelini kabla hujafika kwa Rolling Stones.

Dhana: meli za redio za maharamia zilitoa chati halisi ya vijana

Radio Caroline, kituo kisicho na leseni, ilianza kurusha kutoka baharini wakati wa Pasaka 1964, na Radio London ikafuata mwisho wa mwaka. Muziki walipiga, na BBC ilitikisika. Lakini Fab 40, orodha ya nyimbo 40 ya Radio London, haikutokana na mauzo. Iliamuliwa ndani, na watu wa kituo wenyewe, wakitabiri kitakachopanda. Ndiyo maana nyimbo zilikuwa zimeshapanda na kuanza kushuka kwao kabla hazijaonekana kwenye magazeti. Sheria ya Agosti 1967 ilipoizima Radio London, waliobaki na orodha hizo walidhani wameshika takwimu. Walishika ladha ya watu wachache wenye masikio mazuri.

Dhana: American Top 40 ya Casey Kasem ndiyo sauti ya miaka hiyo

Haikuwepo. Kipindi hicho cha redio cha Marekani kilianza tarehe 4 Julai 1970. Miaka ya sitini Kasem alikuwa mtangazaji wa kawaida, kwa muda kwenye kituo cha KRLA cha Los Angeles. Ukitumiwa rekodi ya “Top 40 ya 1966” yenye sauti yake, kuna mtu amekaa mahali akaiunganisha. Sauti halisi ya kuhesabu chati Jumapili, kwa upande wa Uingereza, ni ya Alan Freeman kwenye kipindi cha BBC, Pick of the Pops.

Dhana: 1964 Wamarekani weusi walipotea kwenye chati

Ukitazama chati ya R&B (muziki wa Wamarekani weusi) ya Billboard utadhani hivyo, kwa kuwa 1964 nzima haipo. Si kwamba nyimbo hazikuwepo. Jarida liliacha kuichapisha mwisho wa Novemba 1963, likairudisha mwisho wa Januari 1965. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba orodha mbili zilikuwa zimeanza kufanana: weupe walinunua muziki wa weusi kwa wingi. Kwenye Hot 100 yenyewe, mwaka uleule wa Beatles, Mary Wells alifika namba moja na My Guy, na Supremes wakafika mara tatu kati ya Agosti na Desemba. Na aliyewakatiza Beatles baada ya wiki 14 mfululizo za namba moja, kwa nyimbo zao tatu zilizopokezana, ni Louis Armstrong na Hello, Dolly!, mwezi Mei, akiwa ameshapita miaka 60. Pengo liko kwenye karatasi. Wanaotaka kulijaza huenda kwa Cash Box, ambalo halikuacha kuhesabu.

Dhana: Afrika haikuwamo

Desemba 1961 Tokens walishika namba moja Marekani na The Lion Sleeps Tonight. Chimbuko lake ni Mbube, neno la Kizulu lenye maana ya simba, wimbo ambao Solomon Linda aliurekodi Johannesburg 1939. Linda alikufa 1962 akiwa maskini, mwaka mmoja baada ya dunia kuuimba. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Miriam Makeba alipanda hadi namba 12 na Pata Pata 1967. Mwaka uliofuata, Julai, Hugh Masekela akachukua namba moja yenyewe kwa tarumbeta, Grazing in the Grass, bila kuimba neno. Na kama unataka jina la hukuhuku kwetu, Roger Whittaker, mzaliwa wa Nairobi, alifika namba 12 Uingereza mwaka 1969.

Jambo moja la mwisho kwa wanaozipiga upya. Nyimbo hizo vijana walizisikia kwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, kwenye sahani ndogo. Stereo, yenye mikondo miwili, tunayoikuta kwenye intaneti mara nyingine si rekodi ileile: kwenye Help! sauti ya John Lennon ya mono na ile ya stereo ni uimbaji tofauti kabisa. Nilipiga zote mbili mfululizo nyumbani, kwanza ya mtandaoni, halafu ya sandukuni, ambayo imechubuka karibu na mwisho na huruka mara mbili. Kwenye bahasha, penseli inasema 1, bila herufi pembeni.