Trela ya Benki na Pesa Taslimu: Yasemwayo na Yalivyo

Upatu ukimwangukia mtu hapa Texas siku hizi, wazo la trela, yaani nyumba iliyojengwa kiwandani na kuletwa kwa lori, haliko mbali. Kodi ya nyumba inapanda, familia ni kubwa, na Waislamu wengi miongoni mwetu hawataki kugusa mkopo wa riba. Mtu anaonyeshwa trela iliyochukuliwa na benki baada ya mwenyewe kushindwa kulipa, bei yake chini ya gari jipya, na kila aliye karibu ana la kumshauri. Nimewasindikiza ndugu na jamaa wengi kuzitazama trela hizi. Ushauri wanaokuja nao ndio mara nyingi unaowaumiza.

"Ukinunua trela, umenunua na mahali iliposimama."

Hili ndilo linalotugharimu kuliko yote. Trela ikiwa ndani ya kijiji cha trela, eneo ambalo watu hukodi viwanja vya kuweka trela zao, ardhi ni ya mwenye kijiji. Benki inauza kile tu kilichowekwa dhamana, nacho ni nyumba yenyewe, kuta na paa. Utailipa nyumba ukaimaliza siku hiyohiyo, lakini kodi ya kiwanja itakufuata kila mwezi maadamu uko hapo. Isitoshe, mwenye kijiji ana haki ya kukuchunguza kabla hujahamia: atakupa fomu ujaze, ataangalia kipato, historia yako ya mikopo na rekodi ya polisi. Akikukataa, una nyumba isiyo na pa kukaa.

Kaka mmoja kutoka Goma alikwisha kulipa ndipo akaambiwa ofisini kwamba kijiji kile hakikubali trela kuukuu ibaki ikibadili mmiliki. Ikabidi aihamishe. Kuhamisha trela kunataka kibali cha barabarani, lori, mafundi wa kuinyanyua, kuisawazisha na kuifunga chini upya, kisha fundi umeme na fundi bomba. Hayo ni maelfu ya dola hata kwa trela nyembamba. Ile pana, inayotenganishwa vipande viwili ili ipite barabarani, inazidi sana. Alilipa kwa kuhamisha karibu sawa na alicholipa kwa kununua. Siku tuliyosimama uani kumsaidia kung'oa ngazi ya mbao, mkewe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hasemi kitu.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei yoyote, nenda ofisi ya kijiji. Uliza kama trela hiyo itaruhusiwa kubaki, kodi ya kiwanja itakuwa kiasi gani kwa mnunuzi mpya, na kama aliyetoka ameacha deni la kiwanja na nani atalilipa. Omba majibu kwa maandishi.

"Benki inataka kuiondoa haraka. Wape nusu, watakubali."

Wakati mwingine inakuwa hivyo, lakini si kwa sababu benki ina huruma au haraka. Benki ina faili. Kuna ofisa anayesimamia mali zilizorudi, ana makadirio ya bei kutoka kwa dalali wa eneo hilo, na bei hupunguzwa kwa awamu kadiri siku zinavyopita. Ukitupa nusu ya bei wiki ya kwanza, huenda usijibiwe kabisa. Trela iliyokaa miezi bila mteja ni habari nyingine. Muulize dalali imekaa sokoni kwa muda gani na bei imeshuka mara ngapi, hapo ndipo utajua pa kuanzia. Na ofisa yule anahesabu kitakachobaki mkononi mwa benki baada ya kamisheni na gharama, basi ofa ya chini kidogo isiyo na masharti mengi, inayofungwa ndani ya wiki mbili tatu, inaweza kuishinda ofa kubwa ya mtu anayesubiri mkopo. Nguvu ya taslimu ni hiyo.

"Taslimu maana yake noti."

Usibebe noti. Taslimu hapa maana yake hukopi. Malipo hufanywa kwa hundi inayotolewa na benki yenyewe au kwa kutumiwa kutoka akaunti hadi akaunti, na pamoja na ofa utatakiwa kuonyesha taarifa ya benki kuthibitisha kwamba pesa zipo. Biashara ikipokea zaidi ya dola 10,000 za noti, sheria inaitaka ijaze Fomu 8300 kwenda mamlaka ya kodi, IRS. Si kosa kuwa na noti, ila pesa ya upatu ni heri ipite kwenye akaunti yako mapema, na daftari la upatu ulihifadhi. Ukitumiwa barua pepe yenye namba ya akaunti ya kulipia, piga simu kwa namba uliyoipata wewe mwenyewe, wala si ile iliyo ndani ya barua hiyo. Wezi hujifanya kampuni inayosimamia hati, na pesa ikishatumwa ni nadra kurudi.

"Sikopi, kwa hiyo ukaguzi haunihusu."

Ni kinyume chake. Anayekopa ana mkopeshaji anayelinda pesa zake: atataka bima, atataka hati safi, atataka kujua nyumba ina thamani. Mwenye taslimu hana wa kumwangalilia. Benki nayo inauza kama ilivyo, haijawahi kulala humo, na haitengenezi kitu.

Chukua tochi, inama, fungua kipande cha uzio unaozunguka chini ya trela. Utaona karatasi nyeusi ya plastiki iliyofunika tumbo la trela. Ikiwa imening'inia kama kiriba kilichojaa, kuna maji yanavuja juu yake. Ndani, tembea polepole bila viatu mbele ya sinki, kando ya beseni la kuogea, chini ya madirisha. Sakafu ya ubao wa pumba ikilowa huwa laini, mguu utakuambia. Ukikuta choo kimezibwa kwa utepe, maji yameondolewa kwenye mabomba. Omba yafunguliwe hata kwa gharama yako, maana bomba lililopasuka haliwezi kujulikana likiwa kavu.

Kisha tafuta umri wake. Trela zilizojengwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976 zinafuata kanuni ya Wizara ya Nyumba, HUD, na zina kipande cha bati jekundu nje, kama inchi 2 kwa 4, kimoja kwa kila sehemu. Za kabla ya hapo ni shida kuzipatia bima, na hata kumpata wa kuziuzia baadaye. Ndani kuna karatasi ya taarifa, mara nyingi kwenye kabati la jikoni, chumbani au karibu na boksi la umeme. Inaonyesha namba ya trela na kanda ya upepo, yaani upepo ambao trela imejengwa kuuhimili. Iliyojengwa kwa Kanda ya I kwa kawaida hairuhusiwi kusimikwa pwani kama Galveston, ambako vimbunga hupiga na kanda ni ya II.

"Benki ikishauza, hakuna deni linalobaki."

Deni linaweza kubaki juu ya trela, basi litafute mapema. Hapa Texas, hati ya trela isiyoungana na ardhi haitoki kwa msajili wa ardhi. Ni Taarifa ya Umiliki inayotolewa na idara ya nyumba ya jimbo, TDHCA. Mtu yeyote anaweza kutafuta kumbukumbu zake mtandaoni, pamoja na madeni ya kodi ya kaunti yaliyosajiliwa juu ya trela hiyo.

Dada mmoja wa Bukavu alifungua kabati la jikoni, akapiga picha ile karatasi ya taarifa, tukaingiza namba tukiwa bado tumesimama mle ndani. Kodi ya kaunti ya miaka miwili ilikuwa haijalipwa. Akaandika kwenye ofa yake kwamba benki iilipe kabla ya siku ya kufunga mauzo, na benki ikalipa.