Kutulia si Ganzi: Maumivu ya Mnyama Wakati wa Upasuaji na Baada Yake

Mwanambuzi akikatwa bila ganzi hulia hadi majirani wachungulie. Ng'ombe mzima, akikatwa mahali pale pale, mara nyingi hunyamaza. Punda ndiyo kabisa: husimama tu, kichwa kimeinama, na mwenyewe huondoka akimsifu kwa uvumilivu. Kwa kelele peke yake mtu ataamini kwamba mbuzi ndiye anayeumia na hao wengine wameumbwa na ngozi ngumu. Sivyo. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya jeraha kwenye ubongo hufanya kazi kwa namna moja kwa wote watatu, na kwetu sisi pia. Wanachotofautiana ni namna ya kuonyesha. Mnyama anayewindwa akijionyesha dhaifu mbele ya kundi, ndiye simba anayemchagua, na tabia ya kuficha unyonge haijafutika kwa sababu tu leo analala zizini.

Swali la jinsi ya kusoma maumivu ya kiumbe asiyesema ni la zamani kama dawa ya usingizi yenyewe. Etha ilionyeshwa hadharani kwa mgonjwa wa kibinadamu mjini Boston, Marekani, Oktoba 1846. Mwaka uliofuata, Edward Mayhew, daktari wa wanyama wa London, aliijaribu kwa mbwa na paka. Wanyama walilia chini ya dawa, naye akaandika kwa unyofu kwamba hawezi kujua kama vilio vile ni vya maumivu au la, ila kwa kuwa hakuna ushahidi wa kinyume, lazima vihesabiwe kuwa ni mateso. Kwa maoni yangu msimamo wake ulikuwa sahihi, na ungeendelea kushikwa, wanyama wengi wangeokoka. Badala yake, kwa zaidi ya karne moja taaluma yetu ya udaktari wa wanyama ilielekea upande wa pili: asiyelia haumii.

Kilichobadilisha mambo ni watafiti walioacha kusikiliza na kuanza kutazama. Huko Edinburgh, Uskochi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Vince Molony na Joyce Kent waliwafuatilia wanakondoo baada ya kuhasiwa. Waliofungwa mpira wa kuhasi walijirusha, walipiga mateke, walilala na kuinuka bila kutulia. Waliohasiwa kwa kisu walisimama kama wamegandishwa, miguu imepanuka, hawataki hata kutembea. Mpita njia angesema mpira ndio unaoumiza na kisu ni afadhali. Lakini damu ilipopimwa homoni ya kotisoli, ambayo mwili huimwaga unapokuwa katika dhiki, wale waliosimama kimya hawakuwa na nafuu yoyote. Kiwango chao ndicho kilichokuwa juu. Maumivu ya mpira humfanya mwanakondoo ahangaike, na maumivu ya kidonda kilicho wazi humfanya asitake kujigusa wala kusogea.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, wakiongozwa na David Mellor na Kevin Stafford, walifanya kazi kama hiyo kwa ndama wanaokatwa pembe, na matokeo yao ningependa kila afisa mifugo ayajue kwa kichwa. Ndama aliyekatwa bila dawa yoyote, kotisoli yake hupanda ndani ya nusu saa, kisha hushuka kidogo na kubaki juu kwa saa kadhaa, ikirudi kawaida baada ya takriban saa nane. Aliyepigwa ganzi hukaa shwari kwa muda wa saa mbili hivi. Halafu ganzi inaisha, na kotisoli inapanda. Kwa maneno mengine, ganzi peke yake inaahirisha maumivu hadi saa ambayo daktari ameshapanda pikipiki yake na kuondoka. Ni pale tu ganzi ilipoambatana na dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kama ketoprofeni, ndipo kotisoli ilipobaki chini hata baada ya ganzi kuisha.

Ndiyo sababu tunasema kuna dawa za aina tatu na hakuna inayofanya kazi ya mwenzake. Ganzi, ambayo mara nyingi ni lignokeini, hukata mawasiliano ya mshipa wa fahamu mahali pamoja huku mnyama akiwa macho. Dawa ya kulegeza, ambayo kwa mifugo yetu ni zailazini, humfanya mnyama alegee, ainamishe kichwa na kudondosha mate. Ya tatu ni dawa ya kutuliza maumivu ya siku zinazofuata. Nusukaputi kamili, ambapo fahamu zote zimezimwa, ni jambo jingine tena, na kwa mbwa na paka hupatikana mara nyingi kwa kuchanganya ketamini na dawa nyingine.

Zailazini ndiyo inayopotosha watu. Iligunduliwa Ujerumani mwaka 1962 katika kutafuta dawa ya shinikizo la damu, ikaonekana kuwa inalegeza wanyama ajabu. Inapunguza maumivu kiasi fulani, ni kweli, lakini ng'ombe aliyelegezwa na kukatwa bila ganzi bado anahisi kisu. Alichopoteza ni nguvu za kukataa. Punda au farasi chini ya dawa hiyo huonekana amesinzia, kisha akiguswa ghafla hurusha teke lililolenga barabara. Tena kipimo chake kinatisha kwa tofauti zake: ng'ombe anahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya kile anachopewa farasi wa uzito uleule. Aliyezoea kutibu farasi au punda akishika sindano mbele ya ng'ombe bila kukokotoa upya, anaweza kumuua. Na kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa dawa hii hukaza mji wa mimba, kwa hiyo huepukwa.

Tabia ya mnyama huingia hapa pia, kabla hata kisu hakijatolewa. Ng'ombe aliyekimbizwa, akapigwa fimbo na kuangushwa kwa kamba na watu sita wanaopiga kelele, halegei vizuri, kwa sababu homoni za hofu zinapingana na dawa. Daktari huongeza kipimo, kisha hofu inapopungua kipimo kinakuwa kimezidi. Mwacheni asimame kivulini pamoja na mwenzake anayemjua, apigwe sindano, watoto na mbwa waondolewe, na mtu asimguse kwa dakika kumi au kumi na tano. Najua haya ni magumu kijijini, ambako upasuaji wa ng'ombe hukusanya watazamaji kama harusi. Hata hivyo ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote tulizo nazo.

Mbuzi anastahili kusemwa peke yake, maana hapa madhara ya ganzi yenyewe ni makubwa. Lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, na kwa mbuzi hatupendi kuvuka miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mwanambuzi wa kilo tatu kikomo chake basi ni miligramu 15, yaani robo tatu ya mililita. Kumbuka pia kwamba kila pembe ya mbuzi ina mishipa miwili ya fahamu, tofauti na ng'ombe ambaye mmoja ndio mkuu, kwa hiyo robo tatu hiyo lazima igawanywe sehemu nne. Anayechoma mililita moja kila upande, kama alivyoona ikifanywa kwa ndama, atamwona mtoto wa mbuzi akitetemeka, kisha degedege, pengine kifo, na lawama zitaangukia ganzi badala ya hesabu. Dawa huzimuliwa kwa maji safi ya chumvi ya sindano ili itoshe sehemu zote. Vichipukizi vya pembe vyenyewe vichomwe mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza, na chuma kisikae muda mrefu: fuvu la mwanambuzi ni jembamba na joto hufika kwenye ubongo.

Baada ya kuchoma ganzi, subirini. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote ninayoyaona katika upasuaji wa mashambani. Dawa nzuri, kipimo sahihi, mahali sahihi, kisha kisu kinaingia dakika moja baadaye. Lignokeini inahitaji dakika tano hadi kumi, wakati mwingine zaidi. Mfugaji ana haki ya kuomba ngozi ijaribiwe kwa ncha ya sindano kabla ya kukata.

Watu huuliza kwa nini upasuaji wa tumbo la ng'ombe tunaufanya akiwa amesimama, macho wazi, wakati mbwa tunamlaza fofofo. Sababu ni tumbo lake la kwanza, rumeni, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba lita mia moja na zaidi za majani yanayochacha. Hutoa gesi zaidi ya lita 30 kwa saa, naye huitoa kwa kucheua na kubeua. Mlaze ubavu chini ya nusukaputi na gesi haina njia, tumbo linavimba, linasukuma kiwambo cha kupumulia na kubana mapafu. Juu ya hayo mate yake, ambayo kwa siku hufika lita mia na kuendelea, pamoja na majani yanayorudi kutoka tumboni, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo tunapiga ganzi ubavu wa kushoto, kwenye mishipa inayotoka uti wa mgongo au kuzunguka mahali pa kukata, na ng'ombe anabaki amesimama, wakati mwingine akila nyasi mkono wa daktari ukiwa umezama tumboni mwake hadi begani. Akilazimika kulazwa, hunyimwa chakula kuanzia jana yake, na kichwa hulazwa pua ikiwa chini ili mate yatoke.

Kinachotolewa humo mara nyingi ni plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania bara ikafuata Juni 2019, lakini mbuzi na ng'ombe wa mijini wanaendelea kuokota mabaki: kamba za nailoni, vifungashio, vipande vya rambo za zamani. Huviringana humo kuwa donge ambalo haliyeyuki wala halipiti.

Sasa baada ya upasuaji. Timu ya Chuo Kikuu cha UNESP, Botucatu, Brazili, ilichapisha mwaka 2014 kipimo cha maumivu kwa ng'ombe kilichotokana na kuwarekodi madume kwa video kabla na baada ya kuhasiwa. Kabla yao, mwaka 2010, maabara ya Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ilionyesha kwamba hata panya hukunja uso akiumia, na tangu hapo wamefuata sungura, farasi, kondoo na paka. Farasi na punda masikio hugeuka nyuma na taya hukaza. Kondoo hufumba macho nusu na masikio hulala. Ng'ombe husimama mbali na wenzake, mgongo umepinda, haachi kulamba kidonda au kukitazama, husaga meno, na juu ya yote hacheui. Usidanganyike kwa kuwa amekula. Ng'ombe mwenye maumivu anaweza kula. Wafugaji wakubwa wa Kimaasai na Kisukuma ninaokutana nao wanajua haya bila kipimo chochote cha chuo kikuu, kwa sababu wanamjua kila mnyama anavyosimama siku njema.

Asiyekuwa na jicho hilo atumie simu. Mrekodi mnyama wako dakika mbili kabla ya upasuaji, ukiwa mbali, kisha fanya hivyo jioni na kesho yake asubuhi. Uwe mbali kweli, maana ng'ombe akikuona unamkaribia huinua kichwa na kujikaza, na unachokuja kuona kinatoweka.

Kwa mbwa kuna jambo moja linalotia wenye mbwa hofu bure. Anapozinduka kutoka usingizi wa ketamini anaweza kupiga mayowe na kupapatika. Si lazima iwe maumivu; huenda ni mkanganyiko wa dawa. Mwite jina, umpapase kichwa: akikutazama na kutulia, kisha akashtuka ukigusa karibu na kidonda, anaumia na anahitaji dawa. Asipokutambua kabisa, wala kidonda kikiguswa hajali, mweke mahali penye giza na kimya, mjulishe daktari.

Usimpe dawa ya kabatini kwako. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka, kwa sababu ini lake halina njia ya kutosha ya kuivunja, na chembe zake nyekundu za damu huharibika. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Diklofenaki nayo ina historia mbaya nje ya zizi kabisa: huko India, Nepali na Pakistani iliwaua tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwayo, baadhi ya spishi zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na nchi hizo zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Tumbusi wetu wa Serengeti na Maasai Mara ni wa jamii ileile. Meloksikamu, dawa nyingine ya kutuliza maumivu, haijawadhuru ndege hao, na kwa ndama sindano yake moja hufanya kazi zaidi ya siku, kwa hiyo mimi huitanguliza.

Dawa hizi zote, pamoja na ganzi, huacha mabaki kwenye nyama na maziwa. Kila moja ina siku zake za kusubiri, na siku hizo hutofautiana kwa dawa, kwa kipimo na kwa aina ya mnyama. Mwombe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari akuandikie kwenye karatasi jina la dawa, kiasi, saa aliyochoma na tarehe ya kwanza ya kukamua maziwa ya kuuza. Karatasi hiyo ikae na mkamuaji.