Je, wajua dawa hutafutwaje ndani ya gome la mti?

Mombasa, mwarobaini hauko mbali na mlango wa mtu. Ukishikwa na homa, hukosi jirani wa kukuchemshia gome lake. Jina lenyewe ladai mti huu watibu maradhi arobaini. Lakini sufuria moja ya maji hayo ina kemikali chungu nzima. Ni ipi hasa inayotibu? Ukali wa uchungu wake hautupi jawabu.

Mtafiti hukausha gome kivulini, kwani jua kali huharibu baadhi ya kemikali, kisha akalisaga. Unga huo huulowesha kwa zamu kwenye vimiminika vitatu vya maabara: heksani, halafu ethili asetati, mwisho methanoli. Mkono ulioshika mafuta ya nazi hautakati kwa maji matupu. Vivyo hivyo, kila kimiminika huvuta kile kinachoafikiana nacho.

Hapo ndipo kazi inapokolea. Tia nukta ya wino wa kalamu kwenye karatasi ya shashi, uchovye ncha yake majini: rangi zitapanda na kuachana. Maabara hufanya hivyo kwa bomba la kioo lililojazwa unga wa silika, na matone hukingwa katika vichupa. Kila kichupa hujaribiwa, tuseme, dhidi ya bakteria. Kinachowaua hutenganishwa tena, na tena, hadi ibaki kemikali moja safi. Pengine nguvu hupotea njiani, kwa kuwa kemikali mbili zilikuwa zikisaidiana. Hilo huvunja moyo kwelikweli, ila nalo ni elimu.

Kuitambua kemikali hiyo iliyobaki, mashine moja hupima uzito wa molekuli. Nyingine, yenye sumaku kali, husikiliza mawimbi ya atomi na kuonyesha ipi imepakana na ipi.

Gome limewahi kutupa dawa kubwa. Mwaka 1820, Pelletier na Caventou wa Ufaransa walitenga kwinini, dawa ya malaria, kutoka gome la sinkona. Mwaka 1971 ulitangazwa muundo wa paklitakseli, dawa ya saratani, kutoka mti wa magharibi mwa Marekani: kilo 12 zilitoa nusu gramu tu!

Nami huumia nionapo shina limebanduliwa gome pande zote. Chakula kitokacho majanini hupita humo kwenda mizizini, kwa hiyo mti huo utakufa. Paklitakseli, muundo wake ulipojulikana, wanakemia waliweza kuiunda wakianzia na majani ya jamaa wa mti ulioitoa, huko Ulaya, na majani huchipua tena.