Je, wajua upotoshaji wa sauti katika spika hupimwaje?

Spika ikifunguliwa sauti hadi ikaanza kukoroma, sikio hutambua kwamba kuna kasoro, ila haliwezi kutaja kiasi chake. Ili kukipata, mpimaji huipa spika toni moja tupu, tuseme ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), kisha huchambua kwa kompyuta kile kilichonaswa na maikrofoni iliyo mbele yake. Spika kamilifu ingetoa hezi 100 pekee. Spika halisi huongeza hezi 200, 300, 400 na kuendelea, ambazo hazikuwamo katika umeme ulioingia. Ukubwa wa nyongeza hizo kwa pamoja, ukilinganishwa na toni ya awali, ndio upotoshaji wenyewe: zikiwa chini yake kwa desibeli 40 ni asilimia 1, na zikiwa chini kwa desibeli 20 ni asilimia 10.

Nyongeza hizo hutokana hasa na mwendo wa koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma karatasi ya spika, ambayo hucheza ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku. Ikisogea mbali, sehemu ya waya wake hutoka kwenye uga wa sumaku na msukumo hupungua, huku raba inayoshika ukingo wa karatasi ya spika ikizidi kukaza. Kasoro ikilingana mbele na nyuma, huzidi nyongeza za witiri, yaani mara 3 au mara 5 ya toni ya awali, kama 300 na 500. Ikiegemea upande mmoja, huzidi za shufwa, kama 200 na 400, kwa hiyo grafu humdokeza fundi mahali pa kutazama.

Besi ndiyo hutesa zaidi, kwa kuwa hezi 50 huitaka karatasi isogee mara 4 ya inavyosogea kwa hezi 100 ili kutoa shinikizo lilelile la sauti. Ndiyo maana asilimia isiyotajiwa masafa (idadi ya hezi) wala ukubwa wa sauti haina maana, na ile 0.1 inayochapwa kwenye maboksi mara nyingi ni ya amplifaya, si ya spika.

Muziki nao si toni moja. Hezi 60 na 7000 zikipigwa pamoja, huweza kuzuka 6940 na 7060, ambazo hukera zaidi kwa sababu hazipatani na muziki.

Mwaka 2000 Mwitaliano Angelo Farina, mtaalamu wa sauti, alieleza njia ya kutumia toni inayopanda mfululizo, ambayo hutenganisha kila nyongeza kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, maikrofoni yenyewe huweza kupotosha sauti kubwa; ikirudishwa nyuma kidogo na asilimia ikashuka ghafla, ishukiwe yenyewe kabla ya spika.